Meno Yako ya Kwanza

Morotonga, Jumapili mchana

Ghati mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na umesema utarudi jua likianza kushuka. Basi nina saa chache za kuandika bila wewe kuchungulia begani mwangu. Begi lako liko tayari mlangoni. Kesho basi la asubuhi litakupeleka chuo cha mifugo, na mimi nitabaki na ng'ombe, kuku na kelele za majirani.

Sitakuandikia habari za kufua, wala za kuchagua marafiki, wala za kumeza vidonge kwa saa yake. Hayo unayajua kuliko mimi. Mwaka jana nilipolala kitandani wiki nzima, wewe ndiye uliyeniletea vidonge vyangu na maji kwenye kikombe, ukasimama hapo mpaka nimeze. Nataka kukuandikia juu ya meno yako ya kwanza, yale usiyoyakumbuka. Mara mbili umeniuliza kwa nini kwenye ile picha ya ubatizo umefumba mdomo kama mtu aliyekasirika, na mara zote mbili nimekwambia jua lilikuwa kali. Halikuwa jua. Mdomoni mwako mlikuwa na visiki vyeusi tu, na mimi ndiye niliyekwambia ufumbe.

Nitakwambia nilichofanya mimi na walichofanya wengine. Sitashusha sauti kwa ajili ya mtu yeyote, hata kwa ajili yangu.

Ulikuwa na miezi mitano. Tulikuwa Kisaka, kwenye mji wa baba yako, mimi nikiwa mke mgeni kutoka Kerende ambaye bado anaangalia wenzake wanavyofanya ndipo na yeye afanye. Homa ikakushika, ukaanza kuharisha, ukawa unalia bila machozi. Bibi yako Nyangi, mama mzazi wa baba yako, akakufungua mdomo akapitisha kidole kwenye ufizi.

"Ni meno ya plastiki," akasema. "Yasipotoka, mtoto hatuna."

Wewe umesoma, utashangaa. Lakini kule kwetu watu wengi waliamini, na wengine wanaamini mpaka leo, kwamba mtoto mchanga akiharisha na kuchemka, kuna meno ya uongo yameota ndani ya ufizi, laini na meupe, na yasipotolewa anakufa. Kumbe ni vijino vyake mwenyewe vinavyojiandaa. Akaitwa mama mmoja wa kijiji cha pili. Alikuja na spoku ya baiskeli iliyonolewa, ameifunga kwenye kitambaa cha maua. Bibi yako akakushika kichwa. Mimi nikakushika mikono.

Hukumtazama yule mama, Ghati. Ulinitazama mimi muda wote.

Alichimba mara nne. Akanionyesha kwenye kiganja chake vitu vinne kama punje za mchele mbichi, akasema, "Unaona? Amepona mtoto." Nami nikamshukuru. Nilisema asante, na damu yako imenilowesha kanga mpaka kiunoni. Kuharisha kulikoma baada ya siku tatu, kama ambavyo kungekoma kwenyewe, na bibi yako akatembea akijisifu kwamba ameokoa mjukuu.

Sijawahi kumshika mtu mikono tangu siku ile kwa sababu tu wakubwa wamesema ashikwe.

Baba yako Marwa alikufa kabla hujaanza kutembea. Alikuwa akienda Nyamongo kwenye machimbo, anakaa miezi, anarudi na kikohozi. Mara ya mwisho alirudi amebebwa. Watu walisema amerogwa na wenzake wa huko, na mimi nilipenda sana kuamini hivyo. Lakini wewe nawe ulikuwa huongezeki. Utando mweupe ulijaa kwenye ulimi wako, na kifua kilikuwa hakipumziki. Nesi mmoja wa kliniki akaniita pembeni akanipima, kisha akakupima wewe. Akasema, "Ni wote wawili." Akaongeza haraka kwamba dawa zipo na watoto wanakua. Sikusikia ile sehemu ya pili. Nilisikia "wote wawili" mpaka nikafika nyumbani.

Pale ndipo nilipofanya kosa langu kubwa, na halikuwa la spoku. Kwenye spoku nilikuwa na watu wazima nyuma yangu. Hili nililifanya peke yangu, kwa akili yangu timamu.

Niliamua kwamba hakuna mtu wa Kisaka atakayejua. Dawa yako ilikuwa ya maji, chungu kiasi kwamba nilipoionja niliitema. Ulipaswa kuinywa asubuhi na jioni. Ukiona tu ile chupa ulianza kupiga kelele, na nyumba zetu unajua zilivyokaribiana. Bibi yako aliuliza kutoka jikoni, "Mtoto analilia nini kila siku saa hiyo hiyo?"

"Dawa ya kifua, mama."

"Kifua gani hakiponi?"

Nikatafuta cha kukunyamazisha, nikakipata. Sukari. Nilikuwa natia vijiko vinne kwenye kikombe kidogo cha uji wa ulezi, nachanganya dawa humo. Ukizoea, naongeza. Siku nyingine asali ya porini. Siku nyingine soda. Jioni, baada ya dawa, nilikujazia chupa chai ya rangi yenye sukari, ukalala nayo mdomoni ukinyonya mpaka asubuhi, na mimi nikasema Mungu ni mwema, mtoto ametulia. Hata dawa yako nyingine ya maji, septrini, uliyopewa ya kukinga kifua, nayo ilikuwa tamu kama pipi. Ulikuwa na mdomo uliojaa sukari kutwa kucha, na hakuna siku niliyokufuta hata kwa kitambaa.

Ndiyo maana nasema sukari haikuwa ya kukusaidia wewe kunywa dawa. Ilikuwa ya kuninunulia ukimya mimi. Na aliyelipia ni wewe.

Meno yalitoka meupe. Nilikuwa nayahesabu kila asubuhi kama mtu anayehesabu vifaranga. Kisha ukatokea mstari wa chokaa karibu na ufizi. Mstari ukawa na rangi ya chai. Meno ya mbele yakaanza kumeguka vipande vidogo vidogo, naviokota kwenye shuka. Ulipofika miaka mitatu yalikuwa yamebaki visiki, na mawili ya nyuma yalikuwa na matundu ambayo punje ya mtama ingeweza kuingia. Ugali ukawa unautia mdomoni na kuutoa. Nyama uliifyonza tu na kuiweka chini. Ukawa mwepesi mkononi kama kuku wa kienyeji. Wanawake kisimani wakikuona walikuwa wanakatisha maneno.

Bibi yako akasema yamerudi. Akasema yule mama hakuyatoa yote. Siku moja nikirudi kutoka shambani nikamkuta ameketi na yule mama kwenye kivuli cha ghala, na kitambaa cha maua kiko mapajani.

"Mama Ghati, mlete mtoto," akasema bibi yako.

Ulikuwa mgongoni kwangu. Nilisimama pale pale uani, sikukaa.

"Hapana, mama."

"Unasemaje?"

"Nasema hapana. Mara ya kwanza nilimshika mwenyewe. Leo anayetaka kumtoa jino aanze na yangu."

Yule mwenye spoku alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Bibi yako hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe wake ameingia shamba la jirani. Mke wa mwanawe, ambaye ng'ombe wa mahari walishatolewa kwa ajili yake, anamjibu uani mbele ya mgeni. Nikamwambia shikamoo, kwa sababu nilikuwa sijamsalimia, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Usimchukie bibi yako. Alizika watoto watatu wachanga kabla ya kumpata baba yako, na spoku ndiyo kitu pekee alichoambiwa na watu anaowaamini. Aliogopa sana. Lakini mtu mwenye hofu anaweza kukuua huku anakupenda, na huwezi kumwacha afanye hivyo kwa sababu tu anakupenda. Ilinichukua muda kulijua hilo na wewe ndiye uliyenilipia ada ya kulijua.

Sasa usinione shujaa. Wiki hizo hizo nilizokuwa nimevimba kichwa kwa kumkatalia bibi yako, nilikuwa nafanya jambo baya zaidi. Dawa ilipogusa ufizi uliooza ulipiga kelele za kuchinjwa, na sukari haikufanya kazi tena kwa sababu nayo iliingia kwenye matundu. Nikaacha. Siku moja, halafu mbili, halafu ikawa karibu wiki tatu. Nilijiambia nakupumzisha. Chupa ilikaa kwenye paa, imechomekwa kwenye nyasi, na mimi nikaacha kuangalia juu.

Asubuhi moja uliamka shavu limevimba mpaka jicho limefumba. Mwili ulikuwa unachoma. Nikapanda bodaboda nikakuleta mjini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja kwa sababu walioko leo si wale.

Kwenye chumba cha meno kulikuwa na kijana mmoja nadhifu. Alikupokea vizuri. Akakuwashia taa mdomoni, akasema pole mama, akaomba kadi. Akaisoma. Kisha akasogeza kiti chake nyuma, kidogo tu, kama mtu anayejinyoosha miguu.

"Mama, huyu mtoto anatumia dawa zile?"

"Ndiyo, daktari."

Akafunga kadi akanirudishia. "Haya ni meno ya utoto tu, yatang'oka yenyewe. Na kwa hali yake, tusimtese. Mpeleke nyumbani, mpe vitu laini, mpe anachopenda."

Nilielewa. Kwetu ukisikia mgonjwa apewe anachopenda, unajua kinachofuata. Alikuwa hajakuona kama mtoto mwenye meno mabovu. Alikuona kama mtoto anayekufa ambaye pia ana meno mabovu, na hakuona haja ya kuchafua glovu.

Nikasema asante. Umesikia tena? Asante ya pili maishani mwangu kwa mtu anayekuumiza. Nikakubeba nikapita kwenye korido yote, nikashuka ngazi, nikafika getini kwa vijana wa bodaboda. Mmoja akauliza, "Mama, wapi?" Kabla sijajibu, wewe ukasema kwenye shingo yangu, bila kufungua taya, "Mama, njaa."

Ulikuwa hujasema neno tangu jana yake. Njaa, Ghati. Mtu anayekufa hasemi njaa.

Nikageuka.

Korido ilikuwa imejaa. Kulikuwa na benchi refu la watu wanaosubiri, na kwenye benchi lile niliona uso ninaoufahamu, mke wa mzee mmoja wa kanisa kutoka Kisaka, ameshika shavu lake. Nilijua nikifungua mdomo habari zitafika nyumbani kabla yangu. Nilisimama nikiwaza hilo kwa muda wa kama kuvuta pumzi mbili. Miaka miwili ya kuficha, sukari yote ile, chupa kwenye paa, uongo wa kifua. Vyote vilikuwa vimekufikisha hapo ulipokuwa.

Nikasema, si kwa kupiga kelele, lakini kila mtu alisikia: "Naitwa Robi. Natoka Kisaka. Mimi na mwanangu tuna virusi vya ukimwi, na tuna dawa. Huyu ana miaka mitatu. Ana njaa, na hawezi kutafuna kwa sababu meno yake yameoza. Nimeambiwa nimrudishe nyumbani. Sirudi."

Nikaketi sakafuni, mgongo umegusa ule mlango wa chumba cha meno. Mwanaume mmoja aliondoa miguu yake karibu na yangu. Yule mke wa mzee wa kanisa aliangalia dirishani kama vile kuna sinema huko nje.

Mlango wa pili ukafunguka, akatoka mama mtu mzima, mfupi, miwani inaning'inia kifuani.

"Nani huyo anasema harudi?"

"Ni mimi."

"Vizuri. Usirudi. Nipe mtoto."

Alikuwa daktari wa meno, mkubwa wa yule kijana. Alivaa glovu za aina ile ile aliyokuwa akivaa kwa kila mtu, akakaa karibu kabisa na wewe, akakuimbia wimbo fulani huku anatazama. Aliangalia muda mrefu. Akauliza dawa unapewa na nini.

"Na maji," nikasema.

Hakubisha. Aliniangalia tu akauliza tena, "Na nini?"

Nikamwambia yote. Uji, vijiko vinne, asali, soda, chupa ya chai ya usiku, wiki tatu za kuacha. Alipoona ufizi wa pembeni umekaa vibaya akauliza na hapo, nikamwambia na spoku. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Kuna mtu aliyekwambia umfute mdomo baada ya dawa?" akauliza.

"Hakuna."

"Kuna mtu aliyekwambia dawa za maji nyingine zina sukari?"

"Hakuna, daktari."

"Basi kosa hili tumegawana, wewe na sisi. Usilibebe lote."

Akanieleza kwa maneno ya kawaida, na nimeyashika mpaka leo. Kwamba kirusi kikidhoofisha mwili, mdomo nao unadhoofika. Mate yanapungua, na mate ndiyo yanayoosha meno kutwa nzima. Fangasi, ule utando mweupe wa ulimi, inauma, mtoto hataki kupigwa mswaki wala kula vitu vigumu, anapewa vitamu na laini. Sukari inakaa pale na usiku mate yakilala inafanya kazi yake. Mtoto mwenye maumivu anakataa chakula na anakataa dawa, na akikataa dawa kirusi kinapanda, na kikipanda mdomo unaharibika zaidi. "Unaona inavyozunguka?" akasema. "Mwenzangu anasema meno ni jambo dogo kwa mtoto huyu. Mimi nasema kwa mtoto huyu meno ndiyo mlango wa dawa."

Ulilazwa. Kwanza walitibu uvimbe, na daktari wa kliniki yetu akaitwa akakurudisha kwenye dawa. Siku ya tano yule daktari wa meno akakung'oa meno sita. Alikuchoma ganzi, nikakupakata. Aliniambia nisikushike mikono, nikuache uishike yangu. Uliminya kidole changu hiki cha kati mpaka kikawa cheupe, lakini hukulia sana. Baada ya siku kadhaa, kwa fizi zako tupu, ulimaliza bakuli la ugali wa mihogo na maziwa ya mgando, ukaniangalia kama unayeuliza kuna jingine.

Tuliporudi Kisaka, habari zilikuwa zimekwishafika na kukaa. Kikombe changu na chako vilikuwa vimetengwa nje ya jiko, juu ya jiwe. Jioni baba yako mdogo Chacha akaita kikao cha ukoo. Alisema nimeaibisha mji. Hakusema nimeleta ugonjwa, maana wote walijua nani alikuwa Nyamongo na nani alikuwa shambani. Alisema kama ningenyamaza, mambo yangeisha kwa heshima.

"Yangeishaje, shemeji?" nikamuuliza.

Akainama akafuta vumbi kwenye kiatu chake.

"Sema yangeishaje. Kwa kumzika huyu kwa heshima?"

Niliinuka nikaenda kwenye lile jiwe, nikachukua kikombe changu, nikarudi nacho, nikachota maji kwenye mtungi wao mkubwa mbele ya kikao kizima, nikanywa. Kisha nikakupa na wewe. Hakuna aliyenigusa. Huenda ni kwa sababu waliogopa kunigusa, sijali.

Kesho yake niliondoka. Kaka yangu wa Kerende alikuwa amenipa ndama jike nilipokuzaa, sasa mtamba anayekaribia kuzaa, na huyo alikuwa wangu, hakuna wa ukoo ule ambaye angeweza kumdai. Nilikufunga mgongoni, nikamswaga mtamba mbele, tukatembea siku mbili kuja huku Morotonga, karibu na kliniki. Usiku wa katikati tulilala kwenye mji wa watu tusiowajua. Mwenye mji aliuliza tunakimbia nini. Nikamwambia hatukimbii, tunahama. Ng'ombe unaowakamua asubuhi ni wa tumbo la mtamba yule. Maziwa ninayouza sokoni, kila anayenunua anajua nina nini, na wanarudi na vibuyu vyao.

Nikuandikie na hili, kwa sababu hata baada ya kujitangaza mbele ya watu wazima, wewe niliendelea kukudanganya. Kila siku, miaka minane, "dawa ya kifua." Niliweza kuwaambia wagonjwa wa meno wa wilaya nzima, nikashindwa kumwambia mtoto wangu. Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja ulisoma bango la kliniki mwenyewe ukafananisha na kichupa chako. Ulikuja jikoni ukauliza neno moja tu, "Kweli?" Nikasema kweli. Ukatupa vidonge chooni, ukakaa siku tisa bila kumeza na bila kusema na mimi.

Sikukuchapa, ingawa jirani alinishauri. Kila jioni nilikaa chini mbele yako, nikaweka vyangu kwenye kiganja, nikavimeza, nikaondoka. Siku ya kumi uliniambia, "Mama, ulinidanganya na bado unataka nikuamini." Nikakwambia usiniamini mimi, nenda kamuulize mwenyewe daktari, mimi nitakaa nje. Ulikaa ndani saa nzima. Ulipotoka uliomba maji. Sijui mlizungumza nini na sijawahi kukuuliza. Ni chumba chako.

Miaka mitatu iliyopita, ulipokuwa bweni, bibi yako Nyangi alikuja hapa. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na kitukuu chake mgongoni, mtoto wa miezi sita, anaharisha. Nikamsalimu, akaitikia marahaba. Akaketi. Akanywa maji kwa kikombe changu, hakuuliza ni kipi. Kisha akasema, "Huko nyumbani wameshamwita yule mwenye spoku. Nimeondoka kabla hajafika. Hospitali yenu iko upande gani?"

Hakuomba radhi. Na mimi sikumdai. Nilijifunga kanga nikampeleka, tukakaa benchi moja, na mtoto akapewa maji ya chumvi na sukari na dawa ya zinki, akarudi Kisaka na ufizi wake mzima. Yule bibi ana zaidi ya miaka sabini na amebadili njia. Usikubali mtu wa miaka thelathini akwambie hawezi.

Meno yako ya pili yalitoka, unayaona kwenye kioo. Yale mawili ya pembeni juu hayakutoka kabisa, na hiyo ni kazi ya spoku. Najua baadhi ya wenzako walikucheka shuleni. Utakutana na wengine chuoni, na utakutana na wabaya zaidi kuliko wanaocheka, wale wanaokuonea huruma kabla hujaomba. Watakusogezea viti nyuma taratibu. Watakwambia upumzike. Watakupa kazi laini. Yule kijana nadhifu hakuwa mkatili, Ghati, alikuwa na huruma, na huruma yake ilikuwa inakupeleka kaburini. Usiseme asante. Mimi nimezisema mbili, zinatosha kwa ukoo mzima.

Kwenye fomu ya chuo nimeona umeacha wazi ule mstari wa afya. Ukitaka kuujaza, jaza. Ukitaka kuuacha, uache. Nani aambiwe na nani asiambiwe, hilo ni lako. Ila usiuache wazi kwa kunisitiri mimi. Sina cha kusitiriwa. Kama kuna aibu katika habari hii, imekaa kwa waliotuwekea kikombe juu ya jiwe, na mimi siibebi na sikufungii kwenye begi.

Nenda kajifunze kazi uliyoichagua. Kwenye zizi hakuna atakayekuuliza damu yako ina nini. Ng'ombe aliyekwama kuzaa anataka mkono usiotetemeka, basi. Wa kwako hautetemeki. Nimeuona mwezi uliopita umezama mpaka bega ndani ya yule mweupe wa jirani, wanaume watano wamesimama wanabishana, na wewe ukawaambia, "Sogeeni, mnaniziba mwanga."

Wakasogea.

Mama yako,
Robi